Macho ya Mtoto Aliyelala

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako mwenye furaha kupita kiasi. U mzima? Mgongo wako vipi, na mama je, anakula vizuri? Sisi wazima kabisa.

Dada, ndoa ni tamu. Miezi miwili sasa, na bado asubuhi nikifungua macho namwangalia Fundi akiwa amelala najiuliza huyu kweli ni wangu. Tunakaa nyuma ya studio, vyumba viwili, pazia tu linatutenganisha na wateja. Nyumba nzima inanuka dawa za kusafishia picha, hata mito, nami nimeipenda harufu hiyo kuliko marashi yote.

Laiti ungemwona kazini! Watu wanamletea picha ya marehemu baba na picha ya harusi ya binti, yeye anamsimamisha baba harusini. Anafuta makovu, ananyoosha meno, anapaka rangi mashavu kwa brashi nyembamba kama unywele. Aliyefumba macho anamfumbua. Nilimwambia anawadanganya watu, akacheka, akasema anawapa tu walichonyimwa.

Sasa nikuchekeshe. Juzi aliingia mama mmoja wa makamo, akaweka picha mezani: yeye kavaa shela, na pembeni yake, katika suti, Fundi wangu! Akaniambia kwa upole, "Huyu ni mume wangu." Nikamwita Fundi kwa sauti. Fundi akatoka, akamwitikia salamu, akamwambia leo amebanwa na kazi. Baadaye akanieleza. Zamani, alipokuwa anafanya kazi mji mwingine, mwanamke huyo alikimbiwa na mchumba. Mama yake alikuwa mgonjwa na alitaka kumwona binti ameolewa, basi akaomba picha. Mwanamume wa kumweka hakuwepo, Fundi akajiweka mwenyewe. Maskini, tangu hapo akili yake imeishikilia ile picha.

Si moyo wa dhahabu huo? Nimempenda zaidi.

Mdogo wako anayekukumbuka

15 Machi

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia mko salama. Mgongo ni uleule, kiti cha mahakama hakina huruma. Mama anakula, ila anauliza kila siku kama umeandika.

Picha ile haikunichekesha. Usikasirike. Mimi kutwa nachapa maneno ya mashahidi, na hakimu wetu ana swali moja analowauliza wote: uliona au uliambiwa? Wewe umeambiwa mara mbili, na watu wawili, mambo mawili yasiyopatana. Umeamini la yule unayempenda. Hata mimi ningefanya hivyo, ndiyo maana mimi si hakimu.

Simsemi shemeji vibaya. Itazame picha yenyewe. Watu waliopigwa picha mahali pawili vivuli vyao huanguka pande mbili.

Dada yako

2 Aprili

Dada mpenzi,

Hujambo? Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na mama. Mimi nina afya, ila usingizi umepungua kidogo.

Nilikasirika siku tatu, kisha nikatazama. Yule mama aliiacha picha siku moja nikaipeleka dirishani. Vivuli vinaanguka upande mmoja. Halafu nikaishusha picha ya harusi yetu ukutani, ile ambayo bwana harusi ndiye mpiga picha, kwa hiyo alinipiga mimi peke yangu, kesho yake akajipiga yeye, akatuunganisha. Dada, kivuli changu kiko kushoto, chake kulia! Na wewe ulikuwepo, ulinishika mkono nikiwa nalia. Basi picha ya ndoa ya kweli ina vivuli vya uongo, na ile nyingine sijui. Fundi anasema ile aliifanya kwa utulivu, yetu kwa haraka ya mapenzi. Jibu zuri, sivyo? Nilicheka. Kisha nikakaa kwenye kochi, kicheko kikaniisha.

Mama yule anakuja kila siku saa tisa mchana. Anakaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani, hagombi, hadai. Nampa maji, ananiambia ahsante mwanangu. Akiondoka, nahisi bado kakaa pale. Nikifagia, nalizunguka benchi.

Wiki iliyopita alileta picha nyingine, ya mtoto wa mwaka mmoja hivi, amelala, shuka imefika kidevuni. Akamwambia Fundi, "Huyu hayupo tena. Mweke katikati yetu, macho wazi." Fundi akakataa. Dada, mwanamume huyu hajawahi kukataa kazi. Aliwahi kumweka mbwa kwenye picha ya mahafali. Akaingia ndani, akafunga pazia.

Niambie kitu cha kunituliza.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu wa mwisho,

Pole. Huku ni wazima. Nimeisoma barua yako jikoni ili mama asinione uso.

Nitakuwa wa haki kwake. Kukataa kwake hakuthibitishi lolote. Mtu anayesingiziwa mke naye angekataa kujiongezea mtoto. Sura usizifananishe, watoto wote waliolala wanafanana. Na huyo mama kunyamaza kwake si ukweli, ni kunyamaza tu. Nimeona waongo watulivu na wakweli waliopayuka.

Mwombe aifanye hiyo kazi, kwa huruma. Usimdokeze neno, wala usimuulize swali lenye jibu ndani yake. Wewe kaa karibu utazame. Likiwepo jambo ambalo mtu asiyemjua mtoto hawezi kulijua, litatokea lenyewe. Lisipotokea, mwamini mume wako, nami nitamwomba radhi kwa magoti.

Dada yako

23 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Najua nimekaa wiki saba bila kuandika, na barua zako mbili ziko hapa. Natumaini mgongo umepata nafuu na mama hajambo. Mimi mwili mzima.

Nilimwomba. Akakubali bila kunitazama. Picha ya macho yaliyofumba humchukua saa moja. Hii ilimchukua siku nne. Nilikaa naye nikishona vifungo vya mashati yake, na sikumdokeza neno.

Siku ya nne akaigeuza ikauke. Mtoto yuko katikati yao, macho wazi. Na ana kengeza, dada. Jicho la kushoto limeelekea puani. Fundi, ambaye hufuta hata chunusi za watu bila kuombwa, amemchorea mtoto wa mteja kengeza.

Mama yule alikuja saa tisa. Nilimtazama macho yake kwa karibu sana, nikiomba nilione kengeza huko, nijue Fundi ameiga la mama. Macho yake yamenyooka. Hakuwa ametuambia neno kuhusu macho ya mtoto, nilikuwepo kila alipokuwepo. Aliishika ile picha, akaweka kidole kwenye jicho la kushoto, akasema, "Hujamsahau." Akaifunga kwenye kitambaa, akanishika bega, akatoka. Hajarudi.

Nimetafuta njia nyingine, usidhani sikutafuta. Labda mkono uliteleza. Labda aliwahi kumwona mtoto njiani. Wiki tatu nimekuwa nikiamka na labda mpya, na hadi nimalize kuosha vyombo imeshakufa. Yeye anaosha brashi ambazo ni safi. Usiku ananishika mkono kama zamani, na mimi namwachia, kwa sababu bado nampenda, sitakuficha.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Sijui ni kwa siku ngapi. Mama nitamwambia mwenyewe.

Jana wakati wa chakula nilimuuliza. Sikumuuliza kama alimwoa yule mama, wala kama mtoto ni wake. Nilimuuliza mtoto aliitwa nani.

Aliweka kijiko chini, akanitajia jina, taratibu, mara mbili.

Mdogo wako