Springi Ngumu na Trei ya Mayai

Jumamosi, 14 Agosti 2021
Lockdown tena. Mwisho kilomita tano kutoka nyumbani. Basi nimebaki huku ughaibuni, mtaani Doonside, na gari langu, V8 ya mwaka '76. Mnyama! Ila springi zimechoka, nyuma imebonyea. Kuna mpya laini, gari linabaki kimo kile kile. Kuna ngumu za mashindano, linashuka inchi mbili na kushika kona. Muuza spea kwenye simu kashauri laini — “for the family, mate.” Eti za familia! Nikamuuliza anauza springi au magodoro. Akacheka. Mjinga.

Jumapili, 15 Agosti
Olivier, jirani yetu Mkongo wa Uvira, kachungulia juu ya uzio, barakoa kidevuni. Eti kwao springi hupimwa kwa trei ya mayai kiti cha nyuma. Mayai yakifika mazima, na mama atafika mzima. “Kaka, gari ni ya kubeba watu, haiko ya kupiga picha.” Mayai! Corolla yake inanesa kama kitanda cha gesti, halafu anifundishe mimi. Nyani haoni kundule. Na mke wangu Elieshi, mimba ya miezi minane, anaitikia kwa kichwa!

Jumatano, 25 Agosti
Nimeagiza ngumu. Basi.

Jumamosi, 4 Septemba
Nimefunga mwenyewe, tangu asubuhi. Limelala chini, zuri mpaka raha. Olivier katikisa kichwa kule uzioni. Wivu tu.
Jioni tukaenda Blacktown, mtaa wa jirani, kununua unga. Elieshi, bila kuniambia, akaweka trei ya mayai kiti cha nyuma. Kufika nyumbani — kumi na moja yamepasuka! Nikamwambia mayai ya nchi hii maganda yake karatasi. Akakaanga yaliyopasuka, akaniwekea mezani. Nikala. Kiti sijui nitakisafisha na nini.

Jumatatu, 13 Septemba
Kila tuta Elieshi analishika tumbo kwa mikono miwili na kuguna. Makusudi, najua. Leo kasema wazi: siku ya uchungu hapandi gari langu. Nikamwambia mwanamke wa Machame haogopi tuta, na gari hili lina nguvu kuliko ambulansi. “Nguvu sijaomba,” akasema. “Nimeomba kufika.” Maneno ya Olivier hayo!

Alhamisi, 16 Septemba
Hospitali wamepiga simu. Kwa ajili ya korona mzazi anaingia na mtu mmoja tu. Jina la huyo mtu linaandikwa mlangoni, hakuna kubadilishana. Sasa walikuwa wananieleza ya nini? Nani mwingine kama si mimi? Nimeshapiga pasi shati.

Jumanne, 21 Septemba
Niko parking ya hospitali.
Uchungu umemshika saa nne asubuhi. Nikawasha V8. Elieshi akatoka na begi, akalipita gari langu kama pipa la taka, akaingia Corolla! Falone, mke wa Olivier, akakaa naye nyuma, kamshika mkono. Haya. Nikawafuata.
Langoni kuna tuta. Corolla ikainama, ikapita. Mimi — kwaruuu! Gari likakaa juu ya tuta kwa tumbo. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Mlinzi na wauguzi wawili walisukuma dakika ishirini, wanacheka ndani ya barakoa. Washenzi.
Mlangoni dada wa mapokezi akaangalia orodha. Jina limeshaandikwa: Falone. Nikamwambia mimi ndiye baba! Pole sana, ndiyo rules. Nimebembeleza. Mimi, nimebembeleza.
Olivier yuko kwenye Corolla yake upande wa pili, ana chupa ya chai, ananipungia mkono niende kwake. Siendi. Simtaki na chai yake.
Falone ametuma meseji: “Mtoto iko karibu. Elieshi anauliza, umefika?”
Nimeisoma mara tatu. Shati lina pasi bado. Humu garini mnanuka mayai.