Madume wa Chumba cha Baridi

Doha,
14 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za Charity. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, bado anakohoa asubuhi? Sisi tu wazima, na joto la huku bado halijatuandama. Barua hii anakuletea Njenga anayekuja likizo. Nimeona niandike, maana kwenye simu najijua, ningeuliza habari za mvua kisha nikate.

Wewe uliyekuwa bwana mifugo miaka thelathini utaifurahia kazi yangu. Niliacha ulinzi kule West Bay; sasa natunza wanyama katika maabara ya chuo kimoja. Wanaitwa salamanda. Umbo lao ni la mjusi, ila ngozi ni laini na yenye majimaji kama ya chura, na joto hawaliwezi. Wanaishi kwenye chumba chenye baridi kuliko Kinangop. Nje watu wanatiririka jasho, mimi ndani nimevaa sweta.

Nilipoanza, msimamizi wangu, Daktari Phyllis, alikuwa amekata tamaa. Miaka miwili bila yai hata moja. Kila mtu alisema majike wamezeeka, na barua ya kuagiza wengine ilikuwa tayari. Kisha dume mmoja akafa, Daktari akampasua na kuniita nione. Korodani zilikuwa zimesinyaa, nyembamba kama uzi. Akanieleza kwamba salamanda dume si kama fahali. Korodani zake hujaa na kunywea kufuata majira. Mbegu zikikomaa hushuka kwenye mirija, nayo hunenepa na kuwa myeupe, na msimu wa kupandana ukifika, chini ya mkia huvimba. Sisi tulikuwa tumewawekea baridi ileile na taa zilezile mwaka mzima. Miili yao haikujua ni mwezi gani.

Basi tukawatengenezea mwaka. Kila wiki nilibadilisha joto na saa za taa, kiangazi kisha kipupwe. Januari hii nilimgeuza dume mmoja nikaona uvimbe wa mviringo kama punje ya mahindi. Nilipiga kelele mpaka Arnold, mlinzi wa mlangoni, akaja mbio akidhani nimeumwa! Wiki tatu baadaye mayai yalikuwa yamejaa kwenye majani ya majini. Daktari alicheka huku akilia.

Lakini Baba, nimezunguka sana. Siku ile dume alipopasuliwa nilirudi nyumbani nikiwa nimevurugika. Unakumbuka Krismasi ile shangazi Edith alipomwambia Charity mbele ya watu kwamba amelifunga boma letu lisipate mtoto, na Mama akampa dawa chungu za mizizi, akazinywa mwezi mzima. Nilikaa kimya. Na karatasi ya hospitali nilikuwa nayo tangu mwaka uliotangulia: mbegu zangu zilikuwa chache mno. Charity hana kasoro, wala hajawahi kuwa nayo. Niliona aibu, nikamwacha abebe lawama yangu.

Siku hiyo nilimwambia mke wangu kila kitu. Hakusema nami siku nne. Ya tano akasimama mlangoni akiwa na mkoba, akaniambia, "Vaa viatu, twende hospitali." Madaktari waliona mishipa iliyovimba kwenye korodani, wakanifanyia upasuaji mdogo.

Baba, Charity ana mimba ya miezi mitano. Ijumaa iliyopita, maana huku ibada ni Ijumaa, kanisani Mesaimeer, akina mama Wakenya walimzunguka wakaimba na kucheza mpaka ibada iliyofuata ikachelewa kuanza. Mimi nilishika mikoba yao yote.

Nisamehe, Baba, kwa kukuacha uamini uongo. Msomee Mama barua hii, na shangazi awepo, usiruke mstari hata mmoja. Kisha pigeni simu. Msinipigie mimi, mpigieni Charity.

Nisalimie wote wa nyumbani, na Mungu awalinde.

Mwanao,
Maurice