Safu ya Kushoto Haihami

Mavyaa wangu mpenzi,

Watu watashangaa nikikuandikia hadharani namna hii, maana miaka yetu minne ya kwanza hatukuwa tukiivana. Na washangae. Ulitaka mkaza mwana wa kupika mkate wa sinia na kuimba maulidi, ukaletewa fundi wa simu kutoka kiduka cha karibu na Marikiti, tena mwenye sauti ya kukwaruza sufuria. Siku ya tatu ya ndoa uliniambia mwenyewe, "Wewe kaa nyuma, upige makofi tu." Nikakaa nyuma. Sikukuwekea kinyongo. Labda kidogo.

Kila Alhamisi baada ya alasiri kina mama wa maulidi walijaa ukumbini kwako, juu kule Mji wa Kale, safu mbili zikitazamana, matari mikononi. Ya kulia ilianza na Bi Zuhura, ya kushoto ikapokea nawe. Na safu inayopokea haikuruhusiwa kuingia mstari mpya mpaka irudie kwanza maneno ya mwisho ya wenzao. Nilipokuuliza kwa nini, ulijibu, "Ili aliyepitwa asipitwe," ukaendelea kumimina kahawa. Macho yako yalikuwa yashaanza kufifia, lakini masikio hayo! Ulikuwa ukikatisha ubeti katikati na kusema, "Mwanaisha, leo umekaa kwa nani?" na kweli Mwanaisha alikuwa amejipenyeza safu ya kulia kufuata feni.

Kisha miguu ikakataa. Mwanao Nassor akakuhamishia kwetu Ganjoni, ghorofa ya tatu, na ngazi ukaziaga. Alhamisi ya kwanza niliweka simu yangu katikati ya ukumbi wako, juu ya stuli, nikakupigia kwa intaneti ili usikie wenzako. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Beti mbili tu, ukakata. Niliporudi nyumbani nikakukuta umegeukia ukuta.

"Mumenivunjia safu yangu," ukasema. "Sijafa bado, mushawatia watu wote chungu kimoja."

Nikaapa kwamba kila mtu alikuwa mahali pake. "Mimi nasikia," ukanijibu. "Wote watoka pamoja. Na matari yako wapi? Zuhura ameyapiga marufuku?" Hukungoja jibu. Ulituma ujumbe kwamba umetoka kwenye chama chenu cha maulidi, baada ya miaka thelathini. Na Bi Zuhura, kwa kuwa ni Bi Zuhura, akasema, "Na aende."

Moyo uliniuma, mavyaa, kwa sababu hukuwa umekosea kusikia. Aliyekosea ni mimi, fundi mzima. Simu ile ilizikusanya sauti zote ikazituma kama uzi mmoja, isijali nani yuko kulia na nani yuko kushoto. Na programu yake hudhani kila kisichokuwa maneno ni kelele, basi matari yenu iliyafagia kama vumbi. Nilikuwa nimemwona daktari wako akishusha sauti kuzungumza na Nassor mlangoni. Nikasema huyu mama hafi akiamini kwamba wenzake wamemfuta, na hafi kwa sababu yangu.

Nikaanza kazi. Vipaza sauti viwili, kimoja kwa kila safu, vikiingia kwenye kompyuta, na spika ya kuleta sauti yako ukumbini. Nikaweka mpangilio wa stirio, safu ya kulia iingie sikio la kulia na ya kushoto la kushoto, nikazima ule ufagio wa kelele, nikakununulia visikizio vya masikioni. Nassor akaniambia najisumbua, mgonjwa anataka kusikia sauti tu. Nikamwambia mgonjwa ana masikio mawili.

Lakini intaneti ya Ganjoni unaijua. Sauti hukatwa vipande vidogo vidogo, vingine hupotea njiani, na simu huziba pengo kwa kubahatisha. Nilipokujaribishia ulisema unasikia mtu anazama ndani ya pipa. Nikatafuta, nikapata mpangilio mwingine: kila kipande hubeba nakala ndogo ya kilichotangulia, ili kimoja kikipotea, kinachofuata kije nacho. Nilipokueleza ulicheka, mara ya kwanza kwa wiki tatu. "Hiyo si yenu," ukasema. "Hiyo ni yetu."

Ukakubali tujaribu tena. Alhamisi iliyofuata mimi nilikuwa ukumbini, Nassor yuko nawe Ganjoni. Ubeti wa kwanza ukapita. Kisha sauti yako ikatoka kwenye spika ukianza kuwataja mmoja mmoja, kutoka mwanzo wa mkeka hadi mwisho: huyu Mwanaisha, huyu Saumu, huyu Fatma na kifua bado chambana. Fatma akalia. Ukasema, "Haya, tuendelee," kama aliyekwenda jikoni akarudi.

Tatizo likawa moja. Kusubiri zile nakala kulikula muda, kwa hivyo ulikuwa unapokea umechelewa kwa pumzi moja. Bi Zuhura akaweka tari chini. "Huyu yuwachelewa," akasema. "Mzime."

Watu wote wakanigeukia mimi, mtu wa nyuma, wa makofi.

"Simzimi," nikasema.

"Yuwaharibu."

"Basi na iharibike. Msubirini."

Sikuwa nimepata kumjibu mtu mzima hivyo, na sijaomba radhi mpaka leo. Nilisimama mbele ya kompyuta, mikono kifuani, mpaka Bi Zuhura akaokota tari lake. Walikusubiri. Alhamisi saba walikusubiri. Ya nane tulikuwa tumekwisha kukuzika.

Wananiambia nishukuru kwamba umepumzika. Nashukuru, na nimekasirika, vyote viwili. Maana mwezi haukuisha, Bi Zuhura akatangaza kwamba safu ya kushoto imebaki na watu wachache, kwa hivyo sasa tuketi safu moja tu. Wakakubali, mavyaa. Wakabeba mito yao wakahama, Mwanaisha wa kwanza. Kile ulichodhani wamekutendea ulipokuwa hai, wamekutendea sasa.

Alhamisi iliyopita niliweka vipaza sauti vyote viwili kama kawaida, kwa sababu Bi Saumu amevunjika nyonga na sasa yeye ndiye anayesikiliza kutoka kitandani kwake. Kisha nikaenda kuketi kwenye mkeka wako.

"Mwanangu," Bi Zuhura akaniita, kwa upole hasa, "huko hakuna mtu."

"Nipo mimi."

Akaanza. Nikapokea. Nilirudia maneno yao ya mwisho kama inavyotakiwa, nikaingia mstari wetu, na sauti yangu ni ile ile uliyoikataa. Ubeti wa tatu nilipotea nikaanza upya. Ningependa kukwambia kwamba kuna aliyevuka kuja kuketi nami. Hakuvuka mtu. Niliimba mpaka dua, peke yangu, uso umewaka moto.

Nilikuwa nakunja nyaya Bi Saumu aliponipigia.

"Leo kushoto kulikuwa na mtu mmoja," akasema. "Sauti yake siijui. Aimba vibaya. Ni nani?"

"Ni mkaza mwana wa Bi Rukia."

"Mkaza mwana wa Bi Rukia," akarudia.

"Usihame," akasema.

Sihami, mavyaa. Mungu akulaze pema.

Mkaza mwanao,
wa safu ya kushoto