Ulimboka na Simba wa Baba Mkwe

Rosalia. ROSALIA. Waache wateja na nywele zao, soma hapa 😭

Kaka yangu Ulimboka kaumbuka. Mbele ya baba wa mchumba wake Lerato! Siku ya kwanza wakwe kumkaribisha mawindoni!

Si unamjua akishaangalia video? Toka mjini Braamfontein mpaka huku Limpopo porini ni mhadhara tu. Eti baridi ikianza na siku zikifupika, swala madume hupagawa na majike. Eti mbalamwezi huwachochea, eti upepo mkali huwatuliza. Mzee anaendesha, anaitikia tu, "Eish, kumbe." Mzee aliyeanza kuwinda huyu hajazaliwa!

Alfajiri tumeshuka wote, na Lerato, tunanyata. Mara kichakani kitu kikanguruma, hrrrooo! Kufumba na kufumbua Ulimboka yuko ndani ya pikapu, kafunga milango, kapandisha vioo, anapiga kelele, "Simba! Simba!"

Na mchumba wake kamwacha nje. LERATO KAMWACHA NJE.

Kichakani akatoka swala dume, shingo imetuna, anafukuza wenzake waliosogelea majike. Kumbe msimu huu ndivyo wanavyonguruma. Kwenye video hakufika hapo.

Mzee hata bunduki hakuinua. Kagonga kioo taratibu, akasema kwa kile Kiswahili chake alichojifunzia Morogoro enzi za uhamishoni:

"Kijana, baridi ipo, mwezi upo, upepo umetulia. Yule anapigania majike yake. Wewe binti yangu umemwachia simba. Sasa posa nipokee ya nani?"

Hapa ninavyokuandikia, bado hajafungua mlango.