Mbweha wa Fittja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Stockholm hatujambo, na baba yako ndiye fundi hodari kuliko wote kazini kwake, usibishe.

Waniuliza nilizoeaje, maana huko Toronto unaogopa hata kutoka. Mimi nami, miaka ya sabini, nilijifungia ndani huku Fittja, pembezoni mwa Stockholm, nikililia Tanga. Asubuhi moja nilianika kwenye roshani yetu ya chini samaki aliyeletwa na babu yako. Mara baba yako, bado mdogo, akapiga kelele: "Mama, mbwa mwekundu kaiba samaki!"

Alikuwa mbweha. Alipofika barabarani akasimama, akangoja gari lipite, ndipo akavuka na samaki wangu mdomoni.

"Ala! Wa porini kaujua mji, mimi je?" nikajiambia. Nikavaa koti. Samaki wa jioni ile nilimnunua mwenyewe.

Bibi yako, ambaye siku hizi Waswidi humwuliza njia