Nilimwambia Atembee

Jumatatu, 3 Juni
Kliniki ya presha. Watu wengi, ukungu hadi dirishani. Nimesema yaleyale: tembeeni kila siku, mwendo wa kuhema lakini bado unaweza kuongea. Mama Hilda akacheka. "Nesi, nimepanda mlima na ndoo ya maji tangu usichana, bado tu nitembee?" Sasa ana bomba uani, anakaanga vitumbua akiwa amekaa kutwa. Presha iko juu. Mama yake alikufa kwa moyo. Ameahidi kuanza.

Jumatano, 12 Juni
Nimemwona barabara ya Kitangari, kanga kiunoni, raba za bintiye miguuni. Kanipungia mkono. Nimefurahi mno.

Jumanne, 18 Juni
Ameanguka mlimani. Kaletwa kwa bodaboda, kifua kimembana, jasho la baridi. Tumemkimbiza hospitali ya Ndanda. Hilda alipofika hakunisalimu. "Si wewe uliyemtuma mama yangu atembee?"

Jumatano, 19 Juni
Hakuna habari. Hilda hapokei simu. Akina mama wameuliza kama waendelee kutembea. Nikasema wasubiri kwanza. Huo si ushauri. Ni woga.

Alhamisi, 20 Juni
Yuko hai! Hilda kapiga. Mama yake aliacha dawa tangu aanze kutembea. Alijiona amepona. Je, nilimwambia asiache? Huwa nawaambia. Siku ile foleni ilikuwa ndefu. Sikumbuki. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Ijumaa, 21 Juni
Nimewarudia wanawake wote niliowapata. Mazoezi na dawa, vyote viwili. Kifua kikibana, simama, omba msaada. Kila mmoja nimemtaka anirudishie kwa maneno yake. Sauti imekauka.

Jumatatu, 15 Julai
Mama Hilda kaja kwangu, kakonda. Nikampa shikamoo.
"Marahaba, mwanangu. Daktari kasema nitembee. Tambarare tu, na nisiwe peke yangu. Hilda anaogopa."
"Hata mimi naogopa, mama."
"Basi tutaogopa wote. Vaa viatu."
Nikamuuliza dawa. Kameza. Tumekwenda polepole mpaka kanisani. Kila akihema, nasimama. Akanicheka. Tukakaa kwenye ngazi, akanisimulia jinsi mikorosho ya kwao ilivyochanua vizuri mwaka huu. Niliangalia kifua chake kikipanda na kushuka. Kisha tukarudi.