Kidari Nilichosema Nimekipika Mimi

Mshauri wetu mpendwa, Mama Nasipwondi,

Naomba unisaidie kabla aibu yangu haijafika harusini. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye kitambi na heshima kidogo hapa Migosi, na mke wangu Gakenia ni mtu wa Nyeri, na kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yetu baba yake, Mzee Kangethe, akija kututembelea huniuliza, "Kijana, huku kwenu hata nyama ina miiba?" maana anaamini sisi watu wa ziwa tunajua samaki tu, basi aliposema anakuja Jumamosi nikaapa safari hii atanyamaza, nikanunua kidari cha ng'ombe, kile kipande kigumu cha bei ya chini ambacho watu huchemsha, kwa sababu niliona kwenye simu kwamba ukikitia moshi polepole kutwa nzima kinalainika kama mkate.

Shida ilikuwa hapo kwenye polepole. Nimelelewa Dunga, moshi ninaoujua ni wa samaki mbuta, na mbuta unampa moto wa maana, anakauka, anapata rangi, umemaliza. Nikafanya hivyo hivyo kwenye pipa nyuma ya nyumba, na kufikia saa nne asubuhi nyama ilikuwa na rangi ya kupigwa picha, nikaipiga kweli nikamtumia Mzee, kisha nikaonja kipande, nikatafuna mpaka taya zikauma, nikashindwa kumeza.

Jirani yangu Beldina, anayeuza samaki wa moshi, akachungulia juu ya ua. "Baba Jacinta, hicho kiatu unachotafuna ni cha nani?"

Gakenia alikuwa Kisian kuwapokea wazazi wake kwa dada yake, kwa hiyo hakuona lolote. Beldina aliondoa nusu ya kuni motoni, akaifunga nyama kwa majani ya mgomba, akaketi kando ya pipa mpaka jioni, na kila nikinyoosha mkono nifunue ananipiga kofi la vidole.

Wageni walipokuja nyama ilikatika kwa kijiko. Mzee alikula vipande vitatu bila neno, halafu akauliza nani amepika. Beldina alikuwa hapo hapo anawamiminia maji ya kunawa. Nikasema, "Ni mimi, Mzee." Beldina akanitazama, akasema, "Baba Jacinta amejitahidi," akatua birika akaenda kwake.

Sasa Mzee ameutangazia ukoo mzima kwamba mimi ndiye nitakayepika kidari kwenye harusi ya shemeji yangu, wiki tatu kutoka sasa. Nilimwendea Beldina anifundishe, akaniambia, "Fundi afundishwe nini?" akafunga mlango. Gakenia ananisifu mpaka kanisani, nami naangalia viatu vyangu. Je, siku hiyo nijifanye mgonjwa?

Baba Jacinta, Migosi

*

Baba Jacinta,

Ugonjwa unao tayari, usijiongezee mwingine. Nimecheka ulipotafuna kiatu, lakini kwenye birika nikaacha. Mama wa watu amekalia moshi wako kutwa, kisha unamwacha awanawishe wageni mikono huku ukila sifa zake mbele ya macho yake. Nakuonea huruma, miaka kumi na tisa ya miiba si mchezo. Ila aliyekutania ni Mzee Kangethe, na uliyemlipiza ni Beldina. Amekukosea nini?

Halafu unamwendea akufundishe bila kumwomba msamaha. Ulitaka uibe mara ya pili, safari hii na maarifa.

Leo jioni mwambie Gakenia. Atanuna, mwache anune. Kesho asubuhi nenda naye kwa Beldina, usimame nje ya mlango useme, "Nilidanganya ukiwa unanisikia," wala usitaje harusi. Ukitoka hapo mpigie Mzee simu. Si ujumbe, ni simu, akusikie sauti. Atakucheka, na una haki ya kuchekwa.

Mzee mwenyewe akitaka kidari, amwalike Beldina kama fundi, kwa malipo ya fundi, na wewe uwe mpasua kuni wake. Wageni wakiuliza nani amepika, taja jina lake kabla hajalitaja mtu mwingine.

Na Beldina akikataa, usimbembeleze. Wakwe zako watakula githeri, mahindi na maharagwe tu, siku ya harusi, nawe utapita meza kwa meza ukiwaeleza kwa nini.

Mama Nasipwondi